Kwaya Kwenye Skrini Tatu

Usiku wa kuamkia Jumamosi Tusekile aliota anaunganisha skrini tatu kwenye kompyuta moja, na ile kongwe kuliko zote ikakataa kuwaka mpaka isalimiwe.

"Shikamoo," alisema Tusekile.

"Marahaba," skrini ilijibu. "Hujambo, mke wa watu?"

"Sijambo."

"Haya. Nipe ishara."

Ni vizuri ieleweke kwamba kazi yenyewe haikuwa ya ndotoni. Tusekile alikuwa mhariri wa video hapo Tukuyu. Alikata na kuunga harusi, mahafali, kipaimara, na watu walimsifu kwamba filamu zake hazichoshi hata kwenye hotuba. Safari hii usharika ulikuwa umempa kazi kubwa: filamu ya kwaya, ionyeshwe Jumapili kanisani, siku ambayo mwalimu wa kwaya angesimama mbele yao kwa mara ya mwisho na kustaafu.

Mwalimu huyo alikuwa Mzee Mwaisumo, baba mkwe wake. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Katika ukoo ule mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hazungumzi naye, wala hatamki jina lake. Tusekile alikuwa ameolewa hapo muda wa kutosha kumzaa Lusajo na wadogo zake na kuwapeleka shule, lakini uso wa mzee hakuujua. Akisikia kikohozi chake alipinda nyuma ya nyumba. Mzee naye, kwa heshima, hakuwahi kukata kona bila kukohoa kwanza. Waliishi hivyo bila ugomvi, huyu akikohoa, yule akipinda.

Sasa aliyepiga picha alikuwa ameisimika kamera nyuma ya kwaya. Kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, uso wa mzee haukuondoka kiooni. Tusekile alijaribu kuhariri kwenye kompyuta mpakato yake huku akiangalia pembeni, akajikuta amemkata mtu kichwa na kumwunganisha na kengele. Mumewe, Ambakisye, ndiye aliyekuja na wazo la kuongeza monita, picha ikae huku na vifaa vya kazi vikae kule. Akaleta mbili: moja mpya, nyembamba, na nyingine ya chogo, nene kwa nyuma, iliyokuwa imelala stoo ya usharika miaka mingi. Ijumaa mchana kutwa Tusekile alichomeka na kuchomoa nyaya, na monita zote mbili zikamjibu neno lilelile: Hakuna ishara. Akaenda kulala amenuna.

Ndipo akaota.

"Ishara gani?" aliuliza.

"Yoyote," skrini ya chogo ilisema. "Nimeandika mchana kutwa kwamba hakuna ishara, na wewe unachomoa waya. Mtu akikwambia hakuna chumvi, unachomoa jiko?"

Tusekile aliona neno hilo lina uzito. Akainua mkono.

"Hiyo ni ya kusimamisha bodaboda," ilisema skrini ya chogo. "Lakini inatosha."

Ikawaka. Skrini nyembamba nayo ikawaka bila kusubiri kitu, kwa kuwa haikutaka kuonekana imeshindwa na ya zamani. Skrini ya kompyuta mpakato ilikuwa inawaka tangu awali, na ilikuwa inawatazama wenzake kama mke mkubwa anavyotazama mizigo ya wageni.

Hapo likafunguka dirisha. Halikufunguka ukutani. Lilifunguka katikati ya chumba, hewani, likiwa na fremu yake, nondo zake na wavu wa mbu. Nyuma ya wavu alisimama mama mmoja mnene aliyeegemeza viwiko kama mwuza stempu.

"Unarudufu au unapanua?" aliuliza.

"Tofauti yake nini?"

"Kurudufu ni kurudufu. Kupanua ni kupanua."

Tusekile alifikiri. Kurudufu kulisikika kama baraka. "Rudufu," alisema.

Uso wa baba mkwe unatokea kwenye skrini ya kushoto. Unatokea kwenye ya katikati. Unatokea kwenye ya kulia. Tusekile anafumba macho, anageuka ukutani, na ukutani kuna kalenda tatu. Anaingia chini ya meza. Kuna meza tatu, na chini ya kila moja kuna Tusekile amejikunja, na wote wanaambiana wasukumane kidogo.

Mlango ulifunguliwa akaingia mama mkwe. Aliingia mara tatu. Wote watatu walikuwa wamejifunga kitenge kilekile cha rangi ya majani na kushika ungo wa maharage.

"Mama Lusajo," walisema kwa pamoja, "mbona umejificha?"

"Baba yupo, mama."

"Yupo wapi?"

"Yupo kote."

Mama wakwe watatu wakatazama skrini, kila mmoja ya kwake. Wakatazama kwa muda.

"Ni kweli yupo kote," alisema wa katikati. "Lakini mimi niliolewa na mmoja. Hao wengine wawili siwapikii."

"Nani kasema wako ndiye mwenyewe?" aliuliza wa kushoto.

Wakaanza kubishana, na maharage yakaanza kumwagika mara tatu. Tusekile akatambaa mpaka dirishani huku amefumba macho, akapapasa wavu, akasema, "Mama, samahani. Nimebadili mawazo. Panua."

"Ungesema mapema," alijibu yule mama, akashusha kitu mfano wa wenzo.

Ukuta wa kushoto uliondoka. Uliondoka taratibu, kama mtu aliyeombwa apishe kwenye benchi. Ukapita migomba ya jirani, ukavuka barabara ya lami, ukaenda kusimama mbali kwenye mashamba ya chai. Ukuta wa kulia ulikwenda upande wa mlimani. Skrini zikanyanyuka zikawa na kimo cha kanisa. Tusekile akafumbua macho na kujikuta amesimama katikati ya chai, umande umemlowesha mpaka magotini, na uso wa mzee haupo popote. Kilichobaki ni kikohozi chake, mahali fulani nyuma, cha mtu mwenye adabu.

Kwaya nayo ilikuwa imepanuliwa. Sauti za kwanza na za pili zilisimama kwenye skrini ya kompyuta mpakato, kule mwisho wa kushoto. Wanaume wa sauti ya tatu walikuwa kwenye skrini nyembamba. Besi wote walikuwa kwenye skrini ya chogo, wamebanana, kwa sababu kioo chake kilikuwa kimevimba kwa mbele na kufinyika pembeni.

Wakaimba. Sauti za kwanza wakaanza, wakapanda, wakashuka, wakamaliza, wakakaa chini wakajipepea. Wale wa sauti ya tatu wakaingia wenzao wamekwisha kaa. Besi walichelewa kabisa. Walianza kunguruma wakati watu wa kushoto wanaulizana habari za mbolea.

"Hiyo si kwaya," ilisema sauti pembeni. "Hiyo ni foleni."

Tusekile aligeuka. Kwenye kiti cha mbele, katikati ya chai, ilikuwa imekaa Jumapili. Ilikuwa imevaa suti ya kijivu na kuweka kofia juu ya goti.

"Umefika mapema," alisema Tusekile.

"Mimi hufika siku yangu," Jumapili ilijibu. "Nimekaa tu napumzika. Nikisimama, filamu inaonyeshwa ilivyo, watu waione. Wajukuu wa mzee pia wamekuja."

"Usisimame."

"Sijasimama. Ila magoti yangu yameanza kufa ganzi."

Tusekile akakimbia mpaka kwenye skrini ya chogo, akapiga kioo kwa kiganja. "Besi! Vukeni mje kwa wenzenu!"

Besi wakatazamana. Walikuwa wanaume wazito, waliozoea kuambiwa mara mbili. Mwishowe mkubwa wao, fundi seremala mmoja aliyeitwa Gwakisa, akawaongoza kuelekea ukingo wa kushoto wa kioo, upande ilikosimama skrini nyembamba. Wakatoka mmoja mmoja. Hawakutokea upande wa pili.

Chai inatikisika kidogo. Jumapili inanyoosha mguu.

Baada ya muda besi wakatokea kule mwisho kabisa, kwenye skrini ya kompyuta mpakato, katikati ya wanawake. Walikuwa wamelowa chapachapa, na Gwakisa alikuwa na jani la mgomba kichwani.

"Mmepita wapi?" Tusekile alipaza sauti.

"Nyuma ya mlima," alijibu Gwakisa. "Mvua kubwa huko."

"Kwa nini mzunguke? Si mko jirani?"

"Mezani tuko jirani. Kwenye ramani yako umetuweka mwisho wa kushoto, ng'ambo ya kompyuta mpakato. Sisi tunafuata ramani."

Tusekile akarudi mbio dirishani. Yule mama akasogea kidogo na kumwonyesha. Kweli, nyuma ya wavu kulikuwa na visanduku vitatu vyenye namba, vimepangwa mstari mmoja, na cha skrini ya chogo kilikuwa kimetupwa upande usio wake. Mchana kutwa alikuwa amechomeka nyaya bila kuangalia visanduku vile vimekaaje.

Akakishika kile kisanduku kwa mikono miwili, akakivuta kuelekea kulia. Kilikuwa kizito kama gunia la viazi. Kadiri alivyokivuta ndivyo ramani na dunia zilivyokuwa zikipatana. Mlima wenyewe ukakusanya mawingu yake na kusogea kupisha. Kisanduku kikaingia mahali pake kwa mlio wa kufuli.

"Haya, besi, rudini kwenu mkaanze upya!"

Safari hii mshale ndio uliowaongoza. Mshale wa kompyuta ulikuwa mweupe, mrefu kama mtu, na mkimya kama mhudumu wa kanisa anayeonyesha wageni viti. Ukatangulia mpaka ukingoni mwa skrini ya chogo, ukainama, ukavuka.

Pu!

Mshale ukarudi unajishika kichwa. Gwakisa akajaribu. Pu! Wengine wakajaribu kwa zamu, kwa sababu hakuna aliyeamini mpaka agonge mwenyewe.

"Hapapitiki," mshale ulisema. "Skrini ya chogo imekaa chini kuliko jirani yake. Kingo hazionani. Tunagonga ubavu."

"Mimi sikaagi chini," ilisema skrini ya chogo. "Wao ndio wanajikweza."

"Inuliwe kidogo," mshale ulisema.

Tusekile akatafuta cha kuiinulia. Jiwe lilikuwa nene mno. Jani la chai lilikuwa jembamba mno. Akajaribu kitabu cha nyimbo, kikakataa, kikisema kiko kazini. Nyuma yake Jumapili ilichukua kofia kutoka gotini ikaivaa.

Kisha akasikia kikohozi, karibu sana. Akainamisha kichwa pale pale, kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya kupinda nyuma yake.

"Mwambie mke wa Ambakisye," ilisema sauti ya mzee kutoka nyuma ya skrini ya chogo, "anyooshe mkono bila kutazama."

"Anasema unyooshe mkono bila kutazama," ilisema skrini ya chogo.

"Nimesikia," alisema Tusekile.

"Hukusikia. Umeambiwa na mimi."

Tusekile akanyoosha mkono. Kiganjani mwake kikawekwa kiatu. Kilikuwa cheusi, cha ngozi, cha mguu wa kushoto, kimepigwa rangi vizuri na bado kina joto la mguu.

"Mwambie baba, ahsante," alisema.

"Anasema ahsante."

"Nimesikia," ilisema sauti ya mzee.

"Hukusikia," ilisema skrini ya chogo, "umeambiwa na mimi," na mzee akacheka. Tusekile hakuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko chembamba, cha kijana.

Akapiga magoti, akaegemeza bega, akainyanyua skrini ya chogo na kusukumiza kiatu chini yake. Akarudi nyuma kutazama. Ukingo na ukingo vilikuwa sawasawa, kama meza mbili za harusi chini ya kitambaa kimoja.

Mshale ukavuka. Gwakisa akavuka, ameinama bado kwa woga, akaona hakuna kitu, akanyooka. Besi wote wakavuka, wakajipanga nyuma ya sauti ya tatu, na wanawake wakasogea kutoka upande wao, na kwaya ikawa kitu kimoja kilichotapakaa skrini tatu bila mshono.

Lakini hakuna aliyeimba.

"Tunasubiri mwalimu," alisema Gwakisa.

"Asimame kwenye skrini kuu," alisema mama wa dirishani. "Skrini kuu ni ipi?"

"Mimi," ilisema kompyuta mpakato. "Wote hawa wanakula kwangu."

"Mimi," ilisema nyembamba. "Angalieni rangi zangu."

"Mimi nimevaa kiatu chake," ilisema ya chogo.

"Skrini kuu," alisema yule mama bila kujali, "ni ile ambayo mhariri anaitazama. Taja."

Tusekile akapiga hesabu. Akitaja moja, mzee atatokea hapo, na yeye atakuwa anamtazama usoni. Asipotaja, hakuna wimbo. Jumapili ilikuwa imeshika mikono ya kiti. Ilikuwa imeanza kuinuka, goti moja tayari limenyooka. Watoto walikuwa wanaingia kutoka pande zote za shamba na kukaa kwenye mistari ya chai, wamevaa nguo za sikukuu.

Kila siku, katika nyumba ile, Tusekile alikuwa akiambiwa pa kutotazama. Hakuna aliyewahi kumwuliza atazame wapi. Sasa anaulizwa, na anajikuta anajua.

"Mikono," alisema.

"Mikono si skrini," alisema mama wa dirishani.

"Ya katikati ndiyo kuu. Na ndani yake naitaka mikono yake peke yake. Mshale! Njoo hapa."

Mshale ukaja. Tusekile akaushika kiunoni, akauelekeza huku macho ameyainamisha, na pale aliposikia shati la mzee likichakarika mkononi, hapo hapo akabana na kuvuta. Picha ikakua. Uso ukapanda juu ukatoka nje ya kioo, kwa adabu, kama mtu anayejipishia mwenyewe mlangoni. Kifua kikafuata. Ikabaki mikono miwili, imejaa skrini nyembamba kutoka ukingo hadi ukingo, kila mmoja mkubwa kama mlango.

Tusekile akainua macho. Akatazama.

Aliiona mikono ambayo miaka yote ilikuwa inapanda mahindi nyuma ya nyumba yake asiione. Viungo vilikuwa vimevimba. Kulikuwa na kovu refu la panga kwenye kidole gumba. Na kidole kidogo cha mkono wa kulia hakikunyooka. Kilibaki kimekunjika, na kilipiga mwendo wake chenyewe, mbele kidogo ya vingine. Akaona besi wote wamekikazia macho kidole hicho. Akaelewa kwa nini kwaya ile haikuwahi kuchelewa kuingia.

Mikono ikainuka. Kidole kidogo kikatangulia.

Wakaimba wote kwa pamoja, na wimbo ukatoka kwenye skrini ya kushoto ukapita katikati hadi kulia usigonge mahali. Chai ikalala kama nywele zinazochanwa. Mama wakwe watatu wakaja mbio na ungo zao, na kadiri walivyoimba wakawa wawili, kisha mmoja, na huyo mmoja alikuwa anaimba sauti ya kwanza bila kuteleza. Yule mama wa dirishani aling'oa wavu wa mbu ili asikie vizuri. Jumapili ikakaa tena. Ikavua kofia, ikaimba sauti ya pili, vibaya, kwa moyo wote.

Tusekile akasimama katikati ya shamba amenyoosha mikono juu kama mtu aliyefunga bao, na akapiga kigelegele kirefu kilichomwamsha.

Kulikuwa kumekucha. Ambakisye alikuwa bado anakoroma, na hakuacha. Tusekile akajifunga kitenge akaenda chumba cha mbele bila viatu. Skrini zote tatu zilikuwa zinawaka. Hakushangaa sana, alikuwa na haraka. Akaketi, akashika mausi, akasukuma mshale kutoka skrini moja hadi nyingine, ukapita zote tatu kama maji kwenye mfereji. Akainamisha macho, akapapasa mahali anapopajua, akakuza. Alipotazama, mikono ilikuwa imejaa kioo cha katikati, na kidole kidogo kilikuwa kimekunjika.

Alikata na kuunga bila kuinuka. Harufu ya chai ya tangawizi ilipomfikia kutoka jikoni kwa mama mkwe, filamu ilikuwa imekwisha. Akaitazama yote, mwanzo hadi mwisho, akiegemea kiti. Ilikuwa nzuri. Alijua ni nzuri, akapiga meza kwa ngumi na kucheka peke yake.

Kisha kikasikika kikohozi uani. Baba mkwe, ambaye hakuwahi kukanyaga chumba kile, alikuwa anazunguka nje ya ukuta.

"Mama Ambakisye," alisema mzee, "kiatu changu cha kushoto umekiweka wapi?"

"Mimi nivae viatu vyako?" mama mkwe alijibu huku akifagia. "Kiangalie ulikovulia."

Tusekile akainama taratibu akatazama chini ya skrini ya chogo. Kiatu kilikuwepo, kisigino kimetokeza nje, rangi inang'aa.

Akasikiliza hatua za mzee. Angeweza kumwamsha Ambakisye apeleke ujumbe. Angeweza kumsubiri mama mkwe aje na chai. Badala yake akauelekea ukuta, akaweka kiganja juu yake, na kusema kwa sauti yake mwenyewe, ya kusikika vizuri:

"Kiko huku, baba."

Hatua zikasimama. Ufagio wa mama mkwe nao ukasimama.

"Ahaa," alisema mzee upande wa pili wa ukuta. "Basi kiache hapo hapo, mwanangu. Ukikitoa, besi watagonga vichwa."

"Besi gani?" aliuliza mama mkwe.

Hakujibiwa. Kandambili za mzee zikaondoka kuelekea kanisani, mazoezini, zikipiga mwendo wa wimbo.